Kibua cha Saba

Maikrofoni ya valvu, yaani ile taa ya kioo ya kukuza sauti, ina deko. Hii niliyojiundia ilitaka volti 6.3 za kuipasha valvu moto, na volti 120 hivi za DC, umeme wa upande mmoja, zilizotulia kama maji mtungini. Soketi yangu ya Mbagala inatoa 230, tena zinazoyumba mara 50 kwa sekunde.

Nikaunda pawa saplai kwa transfoma mbili za Kariakoo na dayodi nne za kuugeuza umeme uwe wa upande mmoja. Nikavaa hedifoni, nikawasha. Nguuuuu! Daladala imekwama kwenye tope, ndani ya sikio. Mngurumo ulikuwa wa mara 100 kwa sekunde, na dayodi nne ndivyo zinavyofanya, zile 50 zinakuwa 100, kwa hiyo mchawi nilimjua: kapasita ya kuchuja, ile ya kuutuliza umeme, niliyoing'oa kwenye televisheni mbovu. Imeshakauka.

Nimeitoa tu, umeme ukakatika.

Mwenye akili angelala. Mimi nikachukua chuma cha lihamu, kile cha kizamani cha kupasha motoni, nikakichomeka kwenye jiko la mama mwenye nyumba, ubavuni mwa kikaango cha vibua.

"We mwanangu, hapa gereji?"

"Dakika moja tu, mama. Halafu shikamoo."

Nikachomea kapasita mpya kwa mwanga wa tochi ya simu. Ule mstari ubavuni wa kuonyesha upande hasi niliuona. Niliuona vizuri kabisa. Nikaupeleka kwenye chanya. Na plagi? Plagi ilikuwa ukutani muda wote huo, swichi imewashwa (usiniulize).

Watoto wa uani wakapiga kelele, "Umeeeme!" Nikahesabu moja, mbili...

PAA!

Vipande vya karatasi na foili vikanimwagikia kama bwana harusi. Ndipo fyuzi ikakatika, kazi imeshakwisha. Moshi ukatoka dirishani, na jinsi ulivyonuka, naapa, ni shombo la samaki.

"Vilikuwa saba!" mama akapaza sauti uani. "Hapa naona sita!"

Nilijieleza hadi nikachoka. Mwambie mtu mwenye kikaango mkononi kwamba kapasita ikipasuka hunuka samaki, uone.

Siku ya tatu nikaweka nyingine, safari hii mchana. Nikavaa hedifoni. Kimya. Hakuna nguuu. Halafu, kutoka uani, kupitia ukuta na dirisha, sauti ya kwanza ya maikrofoni yangu, safi, kila herufi mahali pake:

"Yule wa chumba cha pili? LUKU yote anaimaliza yeye. Na kibua changu alikula."