Mwacheni Bill Withers na ukimya wake

Kila Bill Withers, mwimbaji wa soul wa Marekani, anapotajwa, hakosekani mtu wa kuuliza kwa masikitiko: kwa nini aliacha mapema vile? Albamu yake ya mwisho ilitoka 1985, akiwa na miaka 46. Alifariki Los Angeles tarehe 30 Machi 2020, akiwa na miaka 81. Hapo katikati kuna takriban miaka 35 bila albamu mpya, na mashabiki huizungumzia miaka hiyo kana kwamba waliibiwa. Mimi siioni hivyo hata kidogo. Naamini kuacha kwake kulitoka palepale zilikotoka nyimbo zake, na anayezipenda nyimbo hizo hana haja ya kumsikitikia.

Alizaliwa 4 Julai 1938 huko Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia, kitinda mimba wa watoto sita. Alikuwa na kigugumizi kilichomsumbua hadi utu uzima. Baba yake alifariki Bill akiwa na miaka 13, na mtu aliyemshika mkono zaidi utotoni alikuwa bibi yake. Sikiliza "Grandma's Hands" uone alivyomlipa. Wimbo wote ni kama dakika mbili tu: mikono inayopiga makofi kanisani, mikono inayomwinua mjukuu akianguka, mikono inayouma na kuvimba. Hakuna pambo lolote. Naona kigugumizi kimo ndani ya uandishi huo. Mtoto ambaye kila neno linamgharimu hujifunza mapema kutotoa neno la ziada.

Akiwa na miaka 17 alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Marekani, akakaa humo miaka tisa. Alipotoka hakukimbilia studio. Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa klabu moja huko Oakland ambako Lou Rawls alitarajiwa kuimba. Rawls amechelewa, na mwenye klabu analalamika kwamba anamlipa dola 2,000 kwa wiki na bado hafiki kwa wakati. Withers wakati huo alikuwa akilipwa dola 3 kwa saa. Akaenda kwa muuza vitu vya rehani, akanunua gitaa la bei poa, akaanza kujifundisha.

Mwaka 1967 alihamia Los Angeles, akapata ajira katika kiwanda cha vifaa vya ndege. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyoo vya Boeing 747. Mshahara wake ndio uliolipia kanda za majaribio alizozungusha kwa makampuni ya muziki, hadi Clarence Avant wa Sussex Records alipomsikia na kumkabidhi kwa Booker T. Jones awe prodyuza wake. Albamu ikaitwa "Just As I Am", ikatoka 1971. Tazama jalada lake: mwanamume amesimama nje ya kiwanda, mkononi ana kisanduku chake cha chakula cha mchana, anatabasamu. Ile haikuwa mandhari ya kubuni. Picha ilipigwa kazini kwake, wakati wa mapumziko ya mchana, naye hakuwa ameacha kazi. Alikuwa na miaka 32 na hakuiamini biashara ya muziki kiasi cha kuitupa ajira yake.

"Ain't No Sunshine" uliwekwa upande wa pili wa santuri, nyuma ya wimbo mwingine, lakini watangazaji wa redio waliigeuza wenyewe. Kuna sehemu anarudia maneno mawili yaleyale mara 26. Alikusudia kuja kuijaza sehemu ile kwa ubeti mwingine, wanamuziki waliokuwa studio wakamwambia iache ilivyo. Akaiacha. Ni uamuzi mdogo, lakini napenda kuufikiria: mwimbaji mpya kabisa, aliyezungukwa na watu wenye majina, na bado hakung'ang'ania kuonyesha kwamba anajua kuandika. Wimbo ule ulimpa tuzo ya Grammy. Ulipouza sana hadi kupata hadhi ya "rekodi ya dhahabu", kampuni ilimkabidhi kiti cha choo cha rangi ya dhahabu kwa heshima ya kazi yake ya zamani.

"Lean on Me" ulifuata 1972 na kupanda hadi namba moja Marekani. Alisema aliupata kwa kupandisha na kushusha vidole kwenye kinanda, bila hata kubadilisha mpangilio wa vidole. Ndiyo maana mtoto anayeanza kujifunza kinanda anaweza kuupiga, na kwaya ya kijijini ikauimba bila mwalimu. Wapo wanaouona mwepesi mno. Nawaomba wajaribu kutunga wimbo ambao watu wasiofahamiana wataweza kuuimba pamoja mara ya kwanza tu wanapokutana, halafu tuzungumze.

Sisi wa upande huu wa dunia tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Septemba 1974 alikuwa Kinshasa, kwenye tamasha la siku tatu lililopangwa kuendana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukusubiri. Walipanda James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley. Katika filamu ya "Soul Power", iliyotokana na picha za tamasha lile, James Brown anatokwa jasho na bendi nzima nyuma yake. Halafu anakuja Withers, ameketi na gitaa lake, anaimba habari za mwanamume aliyeachwa anayemtakia heri mwanamke aliyekwenda kwa mwingine. Anaivuta sauti hadi unajikuta umeshika pumzi. Kwangu mimi hakuna aliyemzidi katika filamu ile, na nawapenda wote niliowataja.

Ugomvi ulianza mapema. Alidai malipo yake kwa Sussex, na walipokosa kuelewana akafuta mwenyewe kanda za albamu aliyokwisha kuirekodi. Sussex ikafa 1975, naye akahamia kampuni ya rekodi ya Columbia. Huko alitoa "Lovely Day" mwaka 1977, wenye ile sauti anayoishikilia kwa sekunde 18, lakini pia alikutana na mabosi waliojifanya wanajua watu weusi wanataka kusikia nini. Mmoja alimshauri aimbe upya wimbo wa Elvis Presley. Kati ya 1978 na 1985 hakutoa albamu yake hata moja. Kibao chake kikubwa cha kipindi hicho, "Just the Two of Us", kilitoka kwenye albamu ya mpiga saksafoni Grover Washington Jr.

Mtu aliyewahi kuishi kwa mshahara wa kiwandani anajua kazi ni nini, na anajua bosi asiyefaa anafananaje. Withers alimtambua, akaondoka. Mke wake, Marcia, ndiye aliyesimamia hakimiliki za nyimbo zake, watoto wao wawili wakakua baba yao akiwa nyumbani, na mwaka 2015 Stevie Wonder alipomtambulisha kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki huko Marekani, alipanda jukwaani mzee mchangamfu, mwenye utani, asiyemdai mtu chochote. Wangapi kati ya wakubwa wa muziki wa soul walifika umri ule katika hali ile? Sam Cooke aliuawa kwa risasi akiwa na miaka 33. Marvin Gaye aliuawa na baba yake mzazi. Donny Hathaway alianguka kutoka dirisha la hoteli akiwa na miaka 33.

Anayetaka kuanza kumsikiliza, aziache kwanza nyimbo za kwenye matangazo ya biashara, achukue rekodi ya onyesho la Carnegie Hall la 6 Oktoba 1972. Aende moja kwa moja kwenye "I Can't Write Left-Handed", wimbo wa askari aliyepigwa risasi Vietnam, mkono wake wa kulia haufanyi kazi tena, anamwomba mtu amwandikie mama yake barua. Withers anaanza kwa kuzungumza tu na watu waliokuja, taratibu, na James Gadson nyuma yake hana haraka na dramu zake. Autege sikio vizuri pale mazungumzo yanapogeuka kuwa wimbo.