Mwisho Ngapi, na Hata Hujaliona

Jamani hebu nipumue kwanza. Kuna mtu kaniandikia sasa hivi, hajasalimia, hajauliza gari liko katika hali gani, kaandika maneno mawili tu: "mwisho ngapi". Mwisho wa nini wewe? Wa dunia? Bei nimeiweka juu kabisa ya tangazo langu la gari, mwanzo wenyewe hujausoma ushakimbilia mwisho.

Haya. Nauza Land Rover, na naomba tuelewane, sio hizi za kubonyeza kitufe kiti kikakupasha joto makalio. Hii ni Series IIA ya mwaka 1965, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, injini ya petroli lita 2.25, taa za mbele bado zimekaa katikati kwenye grili kama ilivyokuwa kabla hawajazihamishia kwenye madigadi. Na nimelifungua lote. Narudia, lote. Bodi pembeni, injini chini, chasisi iko uchi juu ya magogo, nikaisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka nikawa napenga kamasi za kahawia. Boriti ya nyuma ilikuwa imeoza, unaipiga bisibisi inazama mpaka kwenye mpini, nimeikata nikachomelea nyingine. Kila mahali chuma kilipogusana na aluminiamu palikuwa pametoka ule unga mweupe, nimekwangua, nimepiga primer, nimeweka na mpira katikati ili vitu hivyo viwili visikutane tena milele. Silinda za breki mpya, springi nimezitenganisha bamba kwa bamba nikazipaka grisi. Kazi ya heshima kabisa. Mimi nilidhani atakuja mtu mzima mmoja, atazunguka gari mikono nyuma, ataguna kidogo, tutaandikiana karatasi, tumemaliza.

Thubutu.

Kuna aliyetaka picha ya injini, kisha ya chini, kisha ya kila tairi, kisha video likiwaka asubuhi likiwa la baridi, halafu akasema asante anajifunza tu. Kuna aliyeuliza linakula mafuta kiasi gani, nikamjibu ukweli, sijamsikia tena mpaka leo, nawasalimia sana nyumbani kwake. Mwingine babu yake alikuwa nalo, akakaa kwenye usukani akinisimulia babu mpaka giza likaingia, akafuta machozi, akaondoka na bodaboda. Mwingine anataka tubadilishane na simu, tena simu yenyewe ina ufa.

Lakini hawa wote ni malaika ukilinganisha na yule aliyekuja na mtaalam.

Mnunuzi mwenyewe mtu mstaarabu, shikamoo mzee, marahaba kijana, vizuri. Sasa huyo mtaalam wake, kavaa miwani ya jua na tuko ndani ya banda, hasalimii, anatoa sumaku mfukoni. Nikajua leo kazi ipo. Akaipachika mlangoni, ikaanguka. Akaiokota, akaipachika kwenye boneti, ikaanguka. Ubavuni, ikaanguka, ikabingirika mpaka chini ya gari akaifuata kwa tumbo. Akainuka, akajifuta vumbi, akamvuta mnunuzi pembeni kwa sauti ambayo mimi naisikia vizuri tu: "Bosi, hapa hamna bati. Gari zima ni puti."

Gari zima ni puti, ile ya kuzibia mabati yaliyooza! Yaani mimi nimeketi nikakanda puti mpaka nikapata Land Rover!

Nikajikaza, nikavaa ile sauti ya mwalimu mkuu. Nikamwambia kijana wangu, bodi ya gari hili ni aluminiamu, tangu lile la kwanza lilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa ndio imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao, aluminiamu ndiyo ilikuwa inapatikana, ndipo mhandisi Maurice Wilks na wenzake pale kampuni ya Rover wakaona basi tutumie hiyo hiyo. Hata yale ya mwanzo yalikuwa ya kijani kwa sababu ndio rangi iliyobaki jeshini, ya kupaka ndani ya ndege. Mnunuzi anatikisa kichwa, anaelewa. Mtaalam anatikisa kichwa vilevile, ila anaangalia sehemu nyingine ya kuweka sumaku.

Akaipata. Ule ukuta kati ya injini na kiti cha dereva ni chuma, chasisi nayo chuma. Sumaku ikanata pa! Nikasema afadhali, Mungu mkubwa. Mtaalam akavua miwani: "Umeona bosi? Hapa ndipo walipoziba viraka."

Kwa hiyo isiponata ni puti, ikinata ni kiraka. Sasa mimi niponee wapi?

Akaja kwenye betri. "Hii mmeifunga kinyume." Kwa sababu waya wa chanya ndio umekwenda kwenye bodi. Ndugu yangu, ndivyo lilivyotoka kiwandani, Land Rover za miaka hiyo chanya ndiyo inashikwa na bodi, na anayelazimisha kulibusti bila kuuliza atalijua vizuri siku hiyo. Hakunisikia, tayari yuko ndani anatafuta AC. Nikamfungulia vile vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele, unasukuma tu kwa mkono, upepo unaingia wenyewe, na mdudu akiwepo naye anaingia. Nikamwambia AC hiyo hapo, haina gesi, haina kompresa, haijawahi kuharibika tangu 1965. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Basi, tukalijaribu barabarani. Nimekwisha kusema kabla hatujatoka, gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kile kifaa kinachofanya gia iingie laini, ukirudi chini unakanyaga klachi, unaweka fri, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena. Akasema "nimeendesha malori mimi". Kwenye kona akarudisha ya pili kwa nguvu za malori yake, gari likatoa sauti ambayo niliisikia kwenye meno. Akaniangalia yeye! "Giaboksi limekwisha hili." Tukasimama kidogo, akaona lever ya kichwa chekundu, hakuuliza, akaivuta. Hiyo ndiyo gia nzito, ya kupandia milima na kuvutia magogo, ukiivuta magurudumu yote manne yanafanya kazi na gari linatembea kwa adabu. Akaondoka. Injini inalia juu kabisa, sisi tunatambaa, mama mmoja amebeba ndoo kichwani akatupita, tena akageuka kutupa pole. Mtaalam jasho linamtoka: "Bosi, halina nguvu."

Nikairudisha mimi kwa mkono wangu. Kimya kimya.

Tulivyofika akapiga magoti akakuta tone la oili kwenye kile kipande cha boksi nilichotandika chini, akalipiga picha, akaivuta ikawa kubwa. Tone moja! Halafu ndio mnunuzi, yule mstaarabu wangu, akaniita kando akasema mzee, kwa hali hii, tufanye ya kilo tu. Ya kilo. Kama skrepa. Na aluminiamu nyepesi, hata hiyo kilo yenyewe hainifai kitu!

Nimechoka jamani. Sio utani, nimechoka. Mtu umelala chini ya chasisi usiku na tochi mdomoni, vidole vimechanika, mke amekuzoea kwa harufu ya dizeli ya kuoshea vyuma, halafu anakuja mtu na sumaku ya spika. Wenyewe pale kiwandani Solihull, Uingereza, walitoa la mwisho la ukoo huu tarehe 29 Januari 2016 na watu walilia. Mimi nikitaka kulia natafutiwa kiraka.

Na wala sina haraka ya kuuza, maana kuna bolti mbili za bampa bado nataka kuzikaza na siwezi, kwa sababu jirani kachukua spana yangu ya nusu inchi. Sasa nyie niambieni, gari lake yeye bolti zote ni za milimita, spana ya inchi anafungulia nini? Mimi nikitumia ya 13 inaingia ndio, lakini inacheza, ukiilazimisha inakula pembe za bolti. Nimemwandikia tangu asubuhi, amesoma, vile vitiki viwili vya bluu naviona, hajibu. Jana nilimkuta mwanawe anachezea kitu kinachong'aa pale kwao mlangoni, anagongea karanga.