Mulondo: tukataze au turuhusu?

Kando ya barabara za Kampala, mchuuzi wa mulondo hupanga juu ya gunia mizizi iliyofungwa mafungu mafungu, kisha hukwangua mmoja kwa kisu ili harufu yake, inayokaribia ya vanila, imvute mpita njia. Wanaume huitafuna kwa ajili ya nguvu, wengine ili warudishiwe hamu ya kula. Mmea wenyewe, Mondia whitei, huparamia miti msituni, na mizizi ikishachimbwa yote, haubaki.

Hapo ndipo penye uzito wa hoja ya wanaotaka uchumaji wa mimea ya dawa msituni upigwe marufuku. Anayechuma majani huuacha mmea ukichipua. Anayechimba mizizi, au anayebandua gome kuzunguka shina zima, huuua. Prunus africana, mti ambao gome lake husafirishwa hadi Ulaya kutengenezewa dawa ya kuvimba tezi dume, ulivunwa hivyo hata ukalazimika kuwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 1995.

Lakini mama wa kijijini anayebandua kipande cha gome la mti wa Warburgia, kiasi cha kiganja, kwa kikohozi cha mjukuu wake, hawezi kuhesabiwa pamoja na mfanyabiashara anayejaza magunia ya kupeleka mjini. Marufuku isiyowatofautisha humnasa huyo mama kwanza, kwa kuwa ndiye anayeishi ukingoni mwa msitu na kufahamika kwa sura.

Katika msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, walipata njia ya kati. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991 wenyeji walifungiwa msitu wao, uhasama ukazuka, na baadaye yakatengwa maeneo ambamo wachumaji walioteuliwa na vijiji huchukua mimea iliyokubaliwa, kama nyakibazi, ambao gome lake ni dawa ya minyoo, kwa kipimo kilichokubaliwa. Naupenda utaratibu huo, ingawa nakiri kwamba unategemea watu kujuana. Msitu wa Mabira umepasuliwa na barabara kuu ya Kampala–Jinja, na anayeshuka garini na jembe hana kijiji cha kumuuliza.

Kwa mulondo, basi, naona shamba ndilo jibu, na wapo wanaoupanda. Kikwazo ni bei: mkulima husubiri mzizi unenepe huku wa msituni ukimgharimu mchimbaji jasho tu. Sheria ya Uganda ya tiba asili ya mwaka 2019 inamtazama mganga na kazi yake; ningependa gunia linaloingia sokoni nalo liulizwe limetoka wapi.