Hana Buti, Avute Nini?

Juzi kwenye semina ya vijana, mhamasishaji mmoja aliwaambia watoto wetu kwamba umaskini ni uamuzi. Akamalizia kwa Kiingereza: "Pull yourself up by your bootstraps." Yaani jinyanyue kwa kuvuta vikanda vya buti zako mwenyewe. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikasirika, na hasira haijanitoka hadi leo.

Vikanda vyenyewe ni vile vipande vya ngozi vinavyoshonwa juu ya buti ndefu ili ushike unapoingiza mguu. Kazi yake inaishia hapo. Vivute mpaka mishipa ya shingo ikusimame, hutapanda hata inchi moja, kwa sababu nguvu unayovutia juu ndiyo hiyo hiyo inayokurudisha chini. Wamarekani wa zamani walilijua hilo vizuri. Mwaka 1834 bwana mmoja wa Nashville, Nimrod Murphree, alidai amegundua siri ya mashine isiyosimama milele. Gazeti la Workingman's Advocate likamkejeli kwamba sasa ataweza kujivusha mto Cumberland kwa vikanda vya buti zake. Mwaka 1888 kitabu cha fizikia cha Joel Dorman Steele kikawauliza wanafunzi kwa nini mtu hawezi kujiinua kwa namna hiyo. Lilikuwa swali la darasani.

Karne ya 20 ilipoingia, maana ikapinduliwa. Jambo lisilowezekana likageuzwa amri kwa maskini, na anayeshindwa akaambiwa hakuvuta vya kutosha.

Martin Luther King, mchungaji aliyetetea haki za Wamarekani weusi, aliukataa uonevu huo. Machi 31, 1968, akihubiri katika kanisa kuu la Washington, alisema ni mzaha wa kikatili kumwambia mtu asiye na buti ajinyanyue kwa vikanda vya buti zake. Na alikuwa na ushahidi. Kwa sheria ya mwaka 1862, serikali ya Marekani iligawa mashamba ya magharibi, ekari 160 kwa mwombaji, kwa ada ndogo tu. Watumwa walioachwa huru je? Mwaka 1865 Jenerali Sherman aliwatengea ardhi ya pwani, viwanja vya hadi ekari 40. Mwaka huo huo Rais Andrew Johnson akairudisha kwa mabwana zao wa zamani. Halafu watu hao wakaitwa wavivu!

Bidii ina nafasi yake, sikatai. King mwenyewe alikiri si vibaya kumhimiza mtu ajitume. Lakini jirani yangu anaamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua, na faida yote inaishia kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba ya kukamua, kwa sababu benki inataka hati ya nyumba asiyokuwa nayo. Mama yule kakosa bidii gani? Mwanawe alikuwa ukumbini siku ile, akasikia kwamba mama yake ameamua kuwa maskini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndugu mhamasishaji, ukirudi kwa vijana hao, waambie mtaji wako wa kwanza ulitoka wapi. Waambie nani alikulipia ada, nani alikupa pa kulala ulipofika mjini, na nani alikudhamini ulipokwenda kukopa.