Mtoto kapika, lakini kapika nini?

Familia nyingi za Waswahili wa Maskati na Dubai zinaijua KidZania, lile jiji la watoto lililomo ndani ya Dubai Mall tangu mwaka 2010. Mtoto hupokewa mlangoni kama abiria wa ndege, huvishwa bangili ili asipotee, hupewa hundi ya kidZo 50, yaani fedha za humo ndani, kisha huenda kutafuta kazi: kuzima moto, kutibu mgonjwa, kusoma taarifa ya habari. Na kuna kazi za chakula, ambazo watoto wadogo huzikimbilia kwa sababu iliyo wazi: ukishatengeneza, unakula.

Biashara hii ilianzishwa Mexico City mwaka 1999 na Xavier López Ancona. Mwaka 2006 ilivuka bahari hadi Tokyo, ambako watoto wa miaka 3 hadi 15 hutengeneza pizza kwenye duka lenye jina la Pizza-La na hamburger kwenye duka la Mos Burger. Majina hayo si ya kuigiza. Ni kampuni halisi, na ndizo zinazolipia kuwemo humo. Wazazi hubaki nje ya kioo, simu mkononi, wakipiga picha.

Nimewasikia wazazi wakibishana juu ya jambo hili zaidi ya mara moja, na kila upande una hoja. Wa kwanza husema ni pesa za kutupa: mtoto akitaka kupika, si jiko lipo nyumbani? Wa pili hujibu kwamba jiko lipo, lakini nani kamruhusu aingie?

Nianze na huyo wa pili, maana mara nyingi hudharauliwa. Mtoto wa miaka minne akisogelea jiko hukutana na mtungi wa gesi, kisu, mama mwenye haraka, na dada wa kazi aliyekwisha kupiga deki na hataki kuona unga sakafuni. Neno analolisikia ni "toka". Zamani alikuwa na pa kukimbilia. Watoto wa pwani walipika nyuma ya nyumba kwa vifuu, mchanga ukawa wali na majani yakawa mchicha. Kenya wanauita mchezo huo kalongolongo. Mtoto anayekulia ghorofani, iwe Sharjah au Kariakoo, hana uani wala mchanga. Kwake, meza fupi inayomfikia kifuani na mtu mzima anayemwambia "haya, kanda" si kitu kidogo.

Kuna na habari ya watoto wa kiume, ambayo naona ndiyo hoja nzito kuliko zote upande huu. Kwetu mvulana akikaa jikoni huulizwa anatafuta nini, na akishika mwiko wajomba humcheka. Anaweza kufika miaka ishirini na hajui maji ya wali yanapimwaje. Kwenye jiji la watoto, kofia ya mpishi huvaliwa na yeyote aliyefikiwa na zamu, hakuna anayecheka, na baba mtu yuko nje ya kioo anampiga picha mwanawe aliyevaa aproni, picha ambayo nyumbani asingeipiga. Hata kioo chenyewe kina faida yake. Wazazi wengi (na mabibi ndio zaidi) hawawezi kumtazama mtoto akipaka sosi upande mmoja bila kumpokonya kijiko. Pale hawana njia.

Lakini kapika, au kapanga? Zamu za kazi hizi hazizidi sana nusu saa, na nyuma yake kuna foleni. Ndani ya muda huo mtoto ananawa mikono, anavaa, anasikiliza maelekezo, anapaka sosi, ananyunyiza jibini, anasubiri oveni. Kumenya, kuosha na kupima vimekwisha kufanywa na wengine, na kuosha vyombo hakumhusu kabisa. Anayejua jikoni anajua kwamba hayo yaliyoachwa ndiyo mapishi yenyewe.

Tulinganishe na makumbusho ya CupNoodles ya Yokohama, Japani, yaliyofunguliwa mwaka 2011 kwa heshima ya Momofuku Ando, aliyevumbua tambi za papo hapo mwaka 1958. Huko kuna karakana ambamo mtoto huanza na unga mkavu. Anaukanda mpaka ushikane, anaupitisha kwenye mashine ya kusukumia, anaukata kuwa tambi, unapikwa kwa mvuke, anautia viungo. Kwenye mafuta ya moto ndipo wafanyakazi wanachukua nafasi. Kazi nzima huchukua kama saa moja na nusu. Sharti lake ni kwamba mshiriki awe amefikia umri wa shule ya msingi. Hapo unaiona shida ilipo: kazi ikiwa ya kweli, wadogo wanaachwa nje, wadogo wakiingizwa, kazi inapunguzwa mpaka inabaki kupamba. Sidhani kama ni lazima iwe hivyo. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alifungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, na wadogo wa kabla ya umri wa shule waliandaa meza na kugawa supu kwa vyombo vinavyovunjika. Tofauti ni kwamba wale walirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mgeni wa siku moja hapewi nafasi ya kuvunja sahani akajifunza.

Sasa ushahidi. Mwaka 2014 lilichapishwa jaribio lililofanywa Uswisi kwa watoto 47 wa miaka 6 hadi 10. Nusu waliandaa chakula cha mchana pamoja na mzazi, nusu walipikiwa. Waliopika walikula saladi zaidi kwa asilimia 76. Takwimu hiyo hupenda kutajwa na kila anayeuza mafunzo ya upishi kwa watoto, na ni kweli inafurahisha. Linaloachwa ni kwamba watoto haohao walikula kuku zaidi kwa asilimia 27, na nishati waliyoipata kwa jumla ilipanda kwa takriban asilimia 24. Yaani mkono wa mtoto hauchagui: anachokipika anakila kwa wingi zaidi, kiwe kachumbari au kiwe chipsi. Na watafiti walikuwa wa kituo cha utafiti cha Nestlé. Jambo hilo halibatilishi matokeo, ila linaonyesha kwamba makampuni ya chakula yanaelewa vizuri thamani ya mtoto aliyejipikia.

Kwa hiyo swali linahamia kwenye menyu, na menyu ya sehemu hizi mara nyingi ni ileile: pizza, hamburger, chokoleti, aiskrimu. Nusu saa inataka vitu vya haraka, na mfadhili anataka vitu vyake. Jaribio jingine, la Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani mwaka 2007, liliwapa watoto 63 wa miaka mitatu hadi mitano vyakula vya aina moja, kimoja kwenye karatasi ya McDonald's na kingine kwenye karatasi isiyo na jina. Wengi wao walisema chenye jina ndicho kitamu zaidi. Hata karoti, ambazo wakati huo McDonald's haikuwa ikiziuza. Ikiwa karatasi tu inafanya hivyo, sijui tuseme nini juu ya mtoto aliyevaa sare ya duka, akatengeneza bidhaa ya duka, akalipwa mshahara, akala, akapigwa picha na mama yake.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitamka mwaka 2004 kwamba mtoto wa chini ya miaka minane hajaweza kutambua kuwa tangazo lina nia ya kumshawishi. Québec, jimbo la Kanada, ilikwisha kupiga marufuku matangazo ya biashara kwa watoto wa chini ya miaka 13 tangu 1980. Mexico yenyewe, kulikozaliwa jiji hili la watoto, tangu 2020 inalazimisha alama nyeusi kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi, na imeondoa vikaragosi kwenye pakiti hizo. Sheria za namna hiyo zinahusu matangazo na pakiti. Hazikumfikiria mtoto aliyefanywa mfanyakazi wa tangazo.

Watetezi hawakosi jibu. Bila wafadhili, wanasema, kiingilio kingepanda na vifaa vingekuwa vya plastiki. Jina halisi ndilo linalomfanya mtoto aone kazi ni ya kweli. Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Oveni inayowaka kweli inamfundisha mtoto tahadhari ambayo oveni ya karatasi haiwezi kuifundisha. Ila oveni haihitaji nembo ili iwe moto.

Usalama sitaurefusha. Hatari inayotajwa sana ni kuungua, nayo hudhibitiwa kwa urahisi kuliko ile isiyoonekana: unga mbichi. Mwaka 2016 Marekani iliingia kwenye tatizo la bakteria wa E. coli waliotokana na unga wa ngano wa dukani, na walio chini ya miaka mitano ndio wanaoumizwa zaidi na sumu ya aina hiyo. Mtoto wa miaka mitatu kulamba vidole vyenye unga ni jambo la uhakika. Mwenye aleji ya karanga, maziwa au mayai aulizwe kabla hajavaa aproni, na mzazi asingoje kuulizwa.

Je, nimpeleke au nisimpeleke? Ningempeleka, hasa wa kiume, na hasa yule ambaye nyumbani hajawahi kuachiwa mwiko. Nisingeuita huo mradi wa lishe wala elimu ya upishi kama matangazo yanavyodai. Na juma hilohilo ningemkalisha mezani nyumbani akunje sambusa, hata kama pembe zitaachia na nyama itamwagika kwenye mafuta.

Wenye sehemu hizi nao wangeweza kubadilisha menyu bila kuongeza hata dakika. Kachumbari inakamilika ndani ya nusu saa: kisu butu cha watoto, nyanya, tango, chumvi, ndimu ya kukamua kwa mkono mdogo. Haitaki oveni wala unga mbichi, na wa miaka mitatu anaweza kuimaliza yote peke yake. Kikwazo ni kwamba hakuna kampuni inayomiliki kachumbari, kwa hiyo hakuna wa kulipia kibanda chake. Kingelazimika kulipiwa na kiingilio chetu, na hapo ndipo sisi wazazi tunaolalamikia nembo tungejua tunalalamika kwa kiasi gani cha dirham.