Panya wa maabara wakiwekewa vikorokoro kwenye keji, wanapatana au wanagombana?

Juzi hapa Mwanga, Kigoma, tumebishana na jamaa mmoja kasomea maabara, yeye anasema panya wa utafiti kumwekea kibanda na paipu la kujificha ni kumdekeza tu, mbona sisi majumbani tunawatega. Tukacheka, ila swali lenyewe lina uzito.

Keji ya kawaida ni boksi la plastiki, maranda chini, chakula na chupa ya maji juu, na nyingi ni fupi kiasi kwamba panya mkubwa hawezi kusimama wima. Na huyu ni mnyama wa kundi, wakiwa wadogo wanapigana mieleka ya kucheza, kila mmoja anawinda kisogo cha mwenzake, huku wanatoa mlio wa kama kilohezi 50 ambao sikio la mtu halishiki. Ukimlea peke yake toka mdogo anakuwa mwoga, halafu siku akikutanishwa na wenzake hajui kucheza wala kusalimu amri, ugomvi unaanzia hapo.

Miaka ya 1960 kule chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwanasaikolojia Rosenzweig na wenzake waliona panya wa keji kubwa, yenye wenzao na vitu vya kuchezea, wana gamba la ubongo (tabaka lake la nje) nene kuliko waliofungiwa peke yao. Sawa, lakini hapo kuna wenzao NA vitu kwa pamoja, sasa sifa tumpe nani? Mimi naanza na wenzao.

Wanaopinga vikorokoro wanahofia majibu ya utafiti yatayumba. Mwaka 2004 mtafiti Würbel na wenzake walijaribu kuwawekea vipanya (aina ndogo ya panya, si watoto wa panya) kwenye maabara 3, majibu hayakuyumba. Hoja ya ugomvi ndo naiheshimu zaidi, maana vipanya madume ukiwapa kibanda kimoja kizuri, mbabe anakikalia na wengine wanang'atwa. Watu wa Kigoma hili tunalo karibu, Gombe miaka ya 60 walikuwa wanawamwagia sokwe ndizi sehemu moja, fujo zikazidi mpaka Jane Goodall, mtafiti wa sokwe hao, akapunguza ugawaji. Hawa panya wa aina kubwa hawana ukali wa vipanya, ila hata wao ningewapa vibanda viwili, kila kimoja na matundu mawili, mnyonge apate pa kutokea.

Jamaa akauliza nani ataosha hayo mapaipu yote. Nikamwambia weka maboksi ya karatasi, wakishatafuna unatupa.