Mguu Wangu na Mtaro Wake

Niliporukia ngazi za gati kutoka kwenye boti ya Mokowe, buibui nimelikunja mkononi, nilisikia "pa!" nyuma ya kisigino. Nikageuka nimtazame aliyenipiga teke. Hapakuwa na mtu. Daktari alinilaza kifudifudi, akaminya shavu la mguu. Wayo haukutikisika, na kwa hilo tu akajua kano ya kisigino imekatika.

Kufika jioni mguu ulikuwa umeumuka kama hamri. Binamu yangu akaleta ndoo ya barafu ya samaki. Kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa na lake: kanda kwa maji moto, kaza bandeji, paka simsim. Walichokubaliana wote ni kwamba uvimbe ni adui. Hapo ndipo ninapobishana na watu tangu siku ile, na nabisha kama mgonjwa aliyesoma kidogo, si kama tabibu.

Uvimbe ni maji na chembe za kinga zilizotoka kwenye damu kwenda kusafisha palipoharibika. Bila hizo kano haiungi. Balaa ni pale vinapofika kazini visiondoke. Chembe hizo, protini kubwa kubwa na mabaki ya nyuzi zilizokatika havirudi kwa mlango vilioingilia. Njia yake ni mishipa ya limfu (ndiyo maji hayo yakiwa njiani kurudi). Ni myembamba, ina vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, wala haina moyo wa kuisukuma: hujikaza yenyewe, na misuli huikamua tunapotembea. Kutoka mguuni limfu hupanda hadi kwenye tezi za mitoki za kinena, mwisho ikamwagika katika vena karibu na mtulinga.

Mtu wa Lamu hana haja ya mchoro. Vichochoro vyetu vina mitaro pembeni, na kila mwenye nyumba anajua kwamba mtaro ukiziba huku chini, harufu inaingia kwa jirani wa juu.

Ajabu ni kwamba mtaro huu haukuchelewa kuonekana. Gaspare Aselli wa Italia aliiona mishipa hii katika tumbo la mbwa mwaka 1622, miaka 6 kabla William Harvey hajachapisha kitabu chake cha mzunguko wa damu. Hata hivyo damu ndiyo iliyobeba sifa zote. Ukiuliza kwa nini kano inachelewa kupona, utajibiwa haina damu ya kutosha. Kweli. Lakini mbona hakuna anayeuliza juu ya kinachotakiwa kutoka? Mwili hutoa protini iitwayo VEGF-C, inayochipuza mishipa mipya ya limfu, na watafiti wa kano sasa wanaifuatilia mishipa hiyo katika panya. Dawa ya dukani haijatoka humo, kwa hiyo atakayekuuzia mafuta ya "kufungua limfu" mwambie akale nauli yake.

Na barafu? Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza ushauri wa barafu na mapumziko mwaka 1978, baadaye aliandika mwenyewe kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Inatuliza maumivu, sikatai. Nilimrudishia binamu ndoo yake siku ya pili.

Sisi wa pwani hii tulistahili kuijua mishipa hii kuliko wengi, maana matende tumeyaona kwa macho. Mbu anamwingiza mnyoo, mnyoo anajenga ndani ya mishipa ya limfu, maji yanasimama, na miaka ikipita ngozi inakuwa ngumu kama gome. Tunameza vidonge vya serikali, halafu tunasahau kwamba mishipa ile ile ipo hata mguuni kwa asiye na mnyoo, na kwamba maji yaliyosimama huzaa makovu.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja mchuaji wa mtaani kwetu. Wiki za mwanzo alikataa kunigusa: mguu uliofungwa unaweza kuwa na damu iliyoganda, na kuuchua ni kumtafutia mtu kifo. (Wachuaji wote wangekuwa hivi!) Daktari aliporuhusu, nilidhani atanikamua kisigino. Akaanza pajani, taratibu, kama anayepangusa vumbi.

"Bibi, kinachouma kiko chini."

"Mjukuu wangu, mtaro huuzibulii jikoni. Unaanzia kule unakotokea baharini."

Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmark, walijenga taaluma nzima ya uchuaji juu ya wazo hilo miaka ya 1930. Bibi hajawahi kuwasikia.

Huu ni mwezi wa saba tangu niumie. Asubuhi miguu yote miwili ni sawa. Ikifika magharibi soksi inaacha alama. Basi nakaa barazani, mguu juu ya kigoda, nauchezesha wayo juu chini, na wapita njia wanadhani nimesikia ngoma.